Vifuko vya maharage mlimani: shajara ya mradi wa michezo ya watoto wa awali, Mwanza

Januari, kabla ya muhula kuanza

Darasa linalohudumiwa na mradi huu lipo kwenye mteremko wa Igogo, katikati ya miamba iliyoifanya Mwanza iitwe Jiji la Miamba, na uwanja wake wa kuchezea ni kipande cha ardhi kilichoinama kuelekea barabarani. Mpira ukimponyoka mtoto wa miaka minne mahali kama hapa hauchukui muda kufika kwenye mtaro wa chini, na mtu mzima mmoja hujikuta akiumaliza muda wa michezo kwa kuufuata. Kifuko cha maharage, yaani kifuko kidogo cha kitambaa kilichojazwa mbegu na kushonwa ili kirushwe na kudakwa, kikianguka hulala palepale. Sababu hiyo peke yake ingetosha kutufanya tuchague vifuko, lakini zipo nyingine: kifuko hujikunja kikaenea kwenye kiganja kidogo, hakidundi kikampiga mtoto usoni, na akikosa kukidaka hana haja ya kukikimbiza, kwa hiyo hujaribu tena mara moja.

Muhula uliopita darasa lilikuwa na vifuko vitano vilivyochakaa, tenga moja la kulengea, na watoto 40 waliopanga mstari mmoja. Kurusha, kukimbilia kifuko, kukiokota na kumpa mwenzako huchukua takribani sekunde 10. Kwa watoto 40 zamu moja ni karibu dakika saba, kwa hiyo katika nusu saa kila mtoto hurusha mara nne au tano, na muda mwingine wote husimama juani akimsukuma aliye mbele yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linataka mtoto wa miaka mitatu hadi minne apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku, na kati ya hizo zisizopungua 60 ziwe za nguvu ya wastani au zaidi. Foleni haichangii chochote kwenye hesabu hiyo.

Uamuzi ambao kila kitu kilichoandikwa hapa chini kinautegemea ni kwamba kila mtoto awe na kifuko chake mkononi, na kwamba mchezo wowote unaomfanya mtoto asimame kusubiri, au unaomtoa nje aliyekosea, usiingie kwenye ratiba hata kama unapendeza kuutazama. Anayetolewa wa kwanza kwa kawaida ni yule mwenye uzoefu mdogo, ambaye ndiye aliyehitaji kucheza zaidi.

Sitaki kutia chumvi. Watoto wa hapa hawana upungufu wa kutembea, kwa sababu wengi wao hupanda na kushuka ngazi za mawe kila siku na miguu yao ina nguvu ambayo mtoto wa mahali tambarare hana. Wanachokosa ni mazoezi ya mkono kushirikiana na jicho, yaani kurusha, kulenga na kudaka, na hayo ndiyo tunayoyatafuta.

Januari, mwishoni: kushona

Kila kifuko kina tabaka mbili. La nje ni la kitenge, vipande viwili vya mraba wa sentimita 12, ambavyo vikishonwa kwa pindo la sentimita moja hutoa kifuko cha sentimita 10 kwa 10. La ndani ni la kitambaa cha amerikani, dogo kidogo ili liingie bila kukunjamana. Vipande vya vitenge tuliviomba kwa mafundi, ambao huvitupa kila jioni. Kwa atakayelazimika kununua, khanga moja yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110 hutoa miraba 108, yaani vifuko 54 vya nje, kwa hiyo kitambaa siyo gharama ya kuogopwa. Tulijaribu pia jinzi chakavu za mitumba kutoka Mlango Mmoja. Zina uimara, lakini mshono wake ni mnene na hukwaruza uso, nasi tukaziacha.

Fundi wetu, mama anayeshona sare za shule, alibadilisha jambo moja ambalo lisingetujia akilini. Aliuchukua mchoro wetu wa mraba, akaweka kifuniko cha chupa ya soda kwenye kila pembe, akazungushia chaki, kisha akashona kwa kufuata mviringo ule. Alieleza kwamba pembe kali ndiyo mahali uzi unapokatika kwanza, kwa sababu mbegu zote husukumana kuelekea huko kifuko kinapotua. Alipita mara mbili kwa uzi wa nailoni, mshono wa pili ukiwa pembeni kidogo mwa ule wa kwanza, akaacha mdomo wa sentimita nne wa kujazia. Mfuko wa nje hautiwi kifungo, zipu wala shanga. Hufungwa kwa mishono mikubwa ya mkono ambayo hufumuliwa wakati wa kufua.

Februari, mwanzoni: kujaza

Tulianza na maharage. Gramu 100 za maharage makavu huchukua ujazo wa mililita 130 hivi, nazo hujaza kifuko cha ukubwa huu kwa karibu theluthi mbili. Kiasi hicho ndicho kinachofaa. Kifuko kilichojazwa mpaka kikavimba hukosa pa kushika, huteleza kichwani na huanza kubingirika mteremkoni, jambo tulilolikimbia tangu mwanzo. Kwa kipimo hicho kilo moja hutoa vifuko 10, na darasa zima linahitaji kilo 4.

Mchanga wa ziwani, ambao ungekuwa wa bure, tuliukataa. Ujazo uleule wa mchanga hufikia gramu 200 au zaidi, uzito unaoweza kumuumiza mtoto akipigwa nao usoni, na chembe zake hupenya kwenye amerikani zikaingia machoni. Kulikuwa na pendekezo la mbegu za pamba, kwa kuwa Usukumani ni nchi ya pamba, lakini mbegu za kupanda huwekwa dawa ya kuua wadudu, na hakuna sababu ya kuisogeza karibu na mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Kwenye kikao cha wazazi, bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake aliuliza, bila ukali wowote, "Mwalimu, chakula kinachezewa tangu lini?" Mwalimu alimwamkia kwanza, kisha akakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, hasa mwezi ambao maharage yamepanda bei. Jibu lilitoka kwa mama mwingine, muuza juisi ya ukwaju, ambaye alisema mbegu za ukwaju humwagwa kila siku na hakuna mtu anayezipika. Tangu hapo nusu ya vifuko vina mbegu za ukwaju zilizooshwa, zikasuguliwa na kuanikwa. Ni ngumu, hudumu, na hutoa mlio kifuko kinapotikiswa, mlio ambao baadaye ulitufaa kuliko tulivyotarajia. Tunazipima kwa mizani, maana kikombe kilekile cha mbegu za ukwaju hakina uzito sawa na cha maharage.

Mbegu zote hubunguliwa, za ukwaju pia. Kabla ya kujaza tulizitandaza, tabaka jembamba, juu ya nailoni nyeusi, tukazifunika kwa nailoni inayopitisha mwanga na kubana kingo kwa mawe, saa za jua kali la mchana. Joto la nyuzi 57 za Selsiasi likidumu kwa saa moja huua fukusi wa maharage pamoja na mayai yake na viluwiluwi vilivyo ndani ya punje, na mwamba uliopigwa na jua husaidia sana. Kazi hii isirukwe. Kifuko chenye fukusi hugeuka vumbi kikiwa kabatini, na vumbi hilo hutoka kwenye mshono.

Kuhusu usalama, maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ambayo huisha kwa kuchemshwa vizuri, na punje yoyote ikiingia puani hufyonza unyevu ikavimba. Ndiyo maana ya tabaka mbili. Kifuko kikionyesha uzi uliolegea huondolewa mchezoni saa hiyohiyo, hata kama mtoto atalia, naye hupewa cha akiba.

Februari, mwishoni: kifuko kichwani

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kubeba kichwani, na hapa watoto hawakuhitaji maelezo, kwa sababu wanawaona mama zao, shangazi zao na dada zao wakipanda mlima na ndoo ya maji juu ya ngata. Mtoto huweka kifuko utosini, hunyoosha mikono pembeni, hutembea kwa uhuru uwanjani. Kikianguka, huganda palepale mpaka mwenzake mwingine yeyote aje, achuchumae huku cha kwake kikiwa kichwani, akiokote na kumrudishia. Mwokoaji akiangusha cha kwake, naye huganda, na wote wawili husubiri wa tatu.

Hakuna anayetolewa, na mtoto anayeangusha mara nyingi ndiye anayewapa wenzake kazi. Kuna kijana mmoja mdogo aliyenishangaza. Shingo aliinyoosha kabisa, macho aliyaelekeza mbele kwenye ukuta, akashuka polepole kwa magoti huku akipapasa vumbi kwa vidole bila kutazama chini, akakipata kifuko kwa pembe, akapanda nacho. Ukimwambia mtoto wa miaka mitano afanye mazoezi ya kuchuchumaa kwa mgongo ulionyooka atakuona huna akili. Katika mchezo huu alirudia zoezi hilo bila kuombwa, kila aliposikia mwenzake akiita.

Baada ya hapo tuliongeza njia. Mwalimu alichora kwa chaki mistari miwili mirefu kwenye sakafu ya saruji, watoto wakaiita daraja, kwa sababu wengi wamepita au wamesimuliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Walivuka kwa kutembea mbele, kinyumenyume na kwa upande. Madaraja yalikuwa manne, yote yakitumika kwa pamoja, ili isizaliwe foleni mpya.

Machi: kurusha na kudaka

Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu, na inastahili. Wadogo zaidi hunyoosha mikono yote miwili mbele ikiwa imekakamaa, hugeuza uso pembeni kifuko kinapokaribia, na hufumba mikono wakati kimeshapita. Wanaofuata hukikumbatia kifuani. Wachache tu hudaka kwa viganja bila msaada wa kifua. Hatua hizi zina mpangilio wake na haziharakishwi kwa kumpigia mtoto kelele. Anayekumbatia kifuani yupo njiani, na asikosolewe.

Tulianza na kujirushia mwenyewe. Kifuko kiko kwenye viganja viwili, hurushwa juu kisizidi usawa wa macho, kisha hupokelewa kwa viganja vilevile. Watoto wote wanapenda kurusha mpaka juu ya paa, kwa hiyo kikomo cha macho kilibidi kisemwe kila siku. Aliyezoea huongeza kofi moja kabla ya kudaka, kisha makofi mawili. Ndipo wakaenda wawili wawili, umbali wa hatua mbili za mtoto, wakirushiana kwa mkono wa chini kwenda juu, kwa sababu kifuko kinachopanda kwanza kisha kikashuka humpa mpokeaji nafasi ya kujipanga.

Rangi zina nguvu kuliko nilivyodhani. Nyuma ya watoto kuna mwamba wa kijivu, na vifuko vya kahawia na vya kijivu vilikuwa vikipotea machoni. Vya manjano na vyekundu vilidakwa zaidi na watoto walewale, asubuhi ileile. Tumeviondoa vile vya rangi iliyofifia kwenye mchezo wa kudaka na kuvibakiza kwa ajili ya kubeba kichwani.

Kurusha kwa nguvu kulenga shabaha ni somo jingine. Mtoto anayetumia mkono wa kulia hufaidika akitanguliza mguu wa kushoto, lakini wengi hutanguliza mguu wa upande uleule wa mkono, au husimama tu wima. Mwalimu msaidizi alichora nyayo kwa chaki, moja mbele na moja nyuma, na maelezo yakawa hayahitajiki. Kwa wanaotumia mkono wa kushoto nyayo huchorwa kinyume chake, na hakuna anayelazimishwa kubadili mkono, jambo ambalo baadhi ya wazazi walihitaji kulisikia likisemwa kikaoni. Shabaha zilikuwa makopo ya kisado, matenga yaliyochoka kutoka Mwaloni, Kirumba, baada ya kuoshwa vizuri harufu ya dagaa, na duara za chaki ukutani, kila kundi la watoto watatu au wanne likiwa na shabaha yake.

Wazazi wawili waliuliza kwa nini tusiwafundishe rede, mchezo ambao kila mtu aliukulia. Naipenda rede, na jinsi inavyofunza kukwepa huku ukijaza mchanga kwenye chupa ni jambo la akili sana, lakini ndani yake mtoto humlenga mwenzake, na anayepigwa hutoka. Isubiri mpaka wafike madarasa ya juu. Mdako nao tumewaachia wakubwa, kwa kuwa huchezwa kwa kukaa.

Aprili: mvua

Masika yamebana uwanja, na mwamba ukilowa huteleza. Tumehamia darasani, madawati yakisukumwa ukutani. Ndani tulicheza michezo ya kuvuka katikati ya mwili: kuzungusha kifuko kiunoni kutoka mkono huu hadi ule, kukipitisha kati ya miguu kwa umbo la namba nane, kukiweka juu ya mguu wa kushoto kwa mkono wa kulia na kinyume chake. Mkono unaojizoeza kuvuka kwenda upande wa pili ndio utakaovuka ukurasa wakati wa kuandika, na mwalimu, ambaye anasubiri kwa hamu kalamu zianze kushikwa vizuri, aliukubali mpango huu upesi kuliko mwingine wowote.

Vifuko vilivyotandazwa sakafuni vilikuwa visiwa, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Saanane, na mtoto aliruka kwa miguu miwili kutoka maji ya huku hadi maji ya kule bila kugusa kisiwa. Sheria ya kutokanyaga ni ya lazima, kwa kuwa kifuko juu ya saruji huteleza mtoto akatua chali.

Katika wiki hizo za kukaa ndani ndipo mlio wa mbegu za ukwaju ulipopata kazi. Darasani kuna mtoto asiyeona vizuri, ambaye uwanjani alikuwa akishika ukingo wa nguo ya msaidizi. Mwenzake akikitikisa kifuko cha ukwaju kabla ya kukirusha, hugeuza kichwa na mikono upande ule, na kisado cha bati kikigongwa kwa kijiti hulenga kwa kufuata sauti. Hadaki kila mara. Sasa hucheza katika kundi lake bila kushika nguo ya mtu.

Mei: ng'ambo ya kamba

Mvua ilipopungua tulirudi nje na mchezo mkubwa kuliko yote. Kamba hufungwa usawa wa viuno vya watoto, darasa hugawanywa pande mbili, Kigongo na Busisi, kila upande ukiwa na vifuko 20. Filimbi ikilia, kila mtoto hurusha kifuko ng'ambo, huokota kingine kilichoingia upande wake, hukirudisha, na kuendelea hivyo mpaka filimbi ya pili. Upande wenye vifuko vichache ndio uliofanya kazi zaidi. Kurusha ni kwa mkono wa chini tu. Kwa uwanja ulioinama kama wetu, kamba ifungwe kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, ili pande zote mbili zipate mlima kwa usawa. Ikifungwa kukatisha mteremko, walio chini hurusha kupanda mlima na hushindwa kila mara.

Dakika mbili za mchezo huu huwaacha wakihema. Wakati wa kuhesabu, vifuko hupangwa kwa makundi ya matano, na mapumziko hayo ya kupumua huwa ndilo somo la namba la asubuhi. Tunacheza saa 3, kabla jua halijapanda, na maji ya kunywa huwekwa kivulini mapema.

Katika kikao cha Mei mzazi mmoja alitaka kujua kama haya ni masomo au ni kupoteza muda wa ada. Mwalimu alimweleza kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja kucheza miongoni mwa haki za mtoto, na kwamba programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaweka ujifunzaji wa awali bega kwa bega na afya, lishe, malezi yenye mwitikio, na ulinzi na usalama. Nadhani kilichomshawishi zaidi ni kumwona binti yake akihesabu vifuko kwa matano bila kukosea.

Juni, kabla ya likizo: hali ya vifuko

Vifuko vyote vimefumuliwa, mifuko ya nje imefuliwa na kuanikwa, ya ndani imekaguliwa mshono kwa mshono kwa kuvuta pande mbili kwa vidole gumba. Vilivyopasuka ni vile vya zamani vyenye pembe kali, tulivyoviacha kama akiba. Vya mviringo vimelegea nyuzi kidogo tu kwenye mdomo wa kujazia, na fundi ameshauri mdomo huo uhamishwe kutoka pembeni uwekwe katikati ya upande mmoja. Panya alitoboa vitatu vya maharage kabatini na hakugusa hata kimoja cha ukwaju, kwa hiyo awamu ijayo itakuwa ya ukwaju peke yake, na vifuko vitahifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kazi iliyobaki kwa muhula wa Julai ni kushona seti ya pili kwa ajili ya darasa la jirani, lenye watoto wengi kuliko letu, pamoja na vifuko vidogo vya gramu 70 kwa watoto wa miaka mitatu ambao vidole vyao havijakifikia hiki kikubwa. Mama wa juisi ameahidi mbegu za wiki nzima. Fundi anasubiri vipande vya vitenge, na tumemwomba atenge vya manjano kwanza.